Bunduki Ndogo ya Shabaha: Hesabu Yake Haiishi Dukani

Juma hili naacha kwa muda mazungumzo yetu ya akiba ya chakula, kwa sababu ya barua iliyonifikia kutoka kwa mama mmoja akaaye katika nyumba za askari. Mumewe ni sajini wa jeshi. Amerudi kutoka kulinda amani nchini Somalia, na katika fedha alizojiwekea amekusudia kununua bunduki ndogo ya kupigia shabaha, iwe mchezo wake wa siku za mapumziko na baadaye wa ustaafu. Mtu mmoja wanayefahamiana amemwonyesha bunduki ya marehemu baba yake, aina ya Brno, yenye darubini juu yake, na bei aliyoitaja sajini aiona kuwa rahisi mno. Muuzaji ataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama aniuliza mambo matatu. Je, bei hiyo ni rahisi kweli? Je, bunduki ya namna hiyo yafaa? Na je, ni haki kwa mke kusema hapana, maadamu nyumba yao ya kustaafia bado haijaezekwa?

Mama, ahsante kwa barua yako. Najua wako wasomaji watakaoshangaa kwamba askari, ambaye bunduki ndiyo kazi yake, atake kununua nyingine kwa ajili ya kujifurahisha. Lakini hizo ni bunduki mbili tofauti, kama vile lori la jeshi lisivyo sawa na baiskeli. Risasi ya bunduki ya AK ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka katika mtutu kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa sekunde. Risasi ya bunduki ndogo, ile yenye alama ya .22, ina kipenyo cha milimita 5.6, uzito wa gramu 2.6 tu, na mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde. Nguvu yake haifikii hata moja ya kumi ya ile ya kwanza. Haipigi teke begani, sauti yake ni ndogo, na mtu aweza kulala kifudifudi uwanjani akapiga risasi 50 asiumwe na bega wala kichwa.

Risasi hiyo, kwa jina lake kamili .22 Long Rifle, ilitolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887. Lakini waliougeuza upigaji wa bunduki ndogo kuwa mchezo wa watu wa kipato cha chini ni Waingereza, na waliufanya hivyo kwa kuona aibu. Katika vita vyao na Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, wakulima wa Kikaburu waliwazidi mara nyingi askari wa Kiingereza kwa ulengaji. Mwaka 1901 kikaanzishwa chama cha vilabu vya bunduki kwa ajili ya wafanyakazi, na Lord Roberts, jemadari aliyekuwa ameongoza majeshi yao katika vita hivyo, akavihimiza vilabu hivyo kwa nguvu zake zote. Walichagua bunduki ndogo kwa sababu risasi zake zilikuwa za bei nafuu na uwanja wake ulitoshea hata ndani ya ghala. Basi sajini wako hakuzua jambo geni.

Sasa tuje kwenye fedha. Kosa la wanunuzi wengi ni kuitazama bei ya bunduki na kusahau bei ya kuitumia. Tuchukue mfano wa Marekani, ambako bunduki hizi huuzwa kwa wingi. Bunduki nzuri ya kawaida hupatikana kwa dola kati ya 300 na 600. Risasi za kawaida huuzwa katika boksi la risasi 50, nasi tukadirie senti 10 kwa risasi moja, yaani dola 5 kwa boksi. Mtu anayekwenda uwanjani kila Jumamosi na kumaliza boksi moja atamaliza maboksi 50 kwa mwaka, nayo ni dola 250. Kwa miaka miwili risasi zimekwisha kula bei ya bunduki, wala hatujahesabu nauli, ada ya klabu, ada ya hati, vizibo vya masikio na kabati la chuma. Na hiyo ni kwao. Kwetu, ambako risasi hizi huletwa kwa meli na kupita forodhani, mtu asitarajie bei hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo sajini angepaswa kumwuliza muuzaji halihusu bunduki hata kidogo. Angeuliza: risasi zake zinauzwa na nani mwenye leseni, kwa bei gani, na zinapatikana mwaka mzima? Bunduki ya bei rahisi isiyo na risasi itakuwa fimbo ya chuma.

Swali la pili ni la karatasi, na hapa naomba afande sajini anisomee kwa makini. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 yamtaka kila raia mwenye bunduki awe na hati iliyotolewa na polisi. Kuwa askari hakumwondolei mtu wajibu huo. Bunduki ya serikali huishikilia kwa amri ya serikali, na yake mwenyewe huishikilia kwa hati yake mwenyewe. Nayo hati hutolewa kwa mtu fulani kwa silaha fulani. Hairithiwi pamoja na ng'ombe na shamba. Marehemu yule alipofariki, hati yake ilikufa naye, na mwanawe hana haki ya kuiuza bunduki ile chini ya mwembe, hata kama baba yake aliimiliki kwa njia safi miaka 30. Inapasa ipelekwe polisi, namba iliyochongwa kwenye chuma ilinganishwe na vitabu vyao, kisha mnunuzi aombe hati yake kabla ya kutoa hata shilingi moja. Muuzaji akikubali njia hiyo, ni mtu wa kweli. Akianza kusema kwamba mambo ya polisi huchelewa na kwamba yuko mnunuzi mwingine anayesubiri, basi urahisi wa bei yake umekwisha kujieleza. Askari akamatwaye na silaha isiyo na hati hupoteza kazi na pensheni, na labda uhuru wake pia. Hiyo ndiyo bei halisi ya bunduki ile, ikiwa karatasi hazipo.

Tuseme sasa karatasi ni safi. Je, Brno yafaa? Kwa jina lake, ndiyo. Bunduki ndogo za Brno, zilizotoka Chekoslovakia, na za CZ zilizozifuata, kama vile namba 452 ambayo haitengenezwi tena na namba 457 inayotengenezwa siku hizi, zina sifa njema duniani kote: mtutu uliotengenezwa kwa uangalifu, boliti imara, na magazini ya risasi chache. Wachina nao walitengeneza bunduki ya Norinco JW-15 kwa kuiga umbo la Brno, na kwa mtu mwenye fedha kidogo si ya kudharauliwa, ingawa yapasa itazamwe moja moja kwa kuwa hazilingani kwa ubora. Warusi wana TOZ-8 ya kiwanda cha Tula, ya zamani na nzito kidogo, ipakiwayo risasi moja moja. Wamarekani wanaipenda Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964, ambayo hujipakia yenyewe kila ukifyatua na ina magazini ya risasi 10. Zile za Kijerumani za Anschütz, ambazo huonekana katika mashindano ya Olimpiki, nazitaja ili tuzipite. Bei yake ingeezeka nyumba ya mama huyu na kubakiza fedha za milango.

Kwa mwanafunzi wa shabaha mimi napendelea bunduki ya boliti kuliko ile ijipakiayo. Sababu yangu ni ya kiuchumi kabla ya kuwa ya ufundi. Bunduki ijipakiayo humaliza boksi la risasi kabla chai haijapoa, na mtu hujiona amefanya mazoezi ilhali amepiga kelele tu. Boliti humlazimisha mtu anyanyue mkono, apumue, afikiri, kisha alenge upya. Aidha, mwenzake aliye nyuma yake aweza kuona mara moja kwamba boliti iko wazi na chumba hakina kitu, na hilo uwanjani ni jambo kubwa.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kipimo cha mwili. Bunduki huvaliwa kama kiatu. Kitako kikiwa kirefu mno, shingo hunyooka na jicho halifiki mahali pake. Kikiwa kifupi, kidole gumba humgonga mtu puani. Njia ya zamani ya kupima ni hii: baada ya kuhakikisha kwamba bunduki ni tupu, weka kitako ndani ya kiwiko kilichokunjwa, na utazame kama kidole cha shahada chafika kwenye kifyatulio bila kunyooshwa kwa nguvu. Kisha funga macho, iweke bunduki begani kwa namna ikupendezayo, ndipo ufumbue. Ikiwa unaona shabaha yako katika mstari bila kusogeza kichwa, bunduki hiyo na wewe mmepatana. Ikiwa unatafuta huku na huku, iache hata kama ni ya kifalme. Uzito wa kilo 3 hivi watosha. Yenye mtutu mnene wa kilo 4 hutulia vizuri kwa anayelala kifudifudi, lakini asimamaye ataijua baada ya risasi 20.

Bunduki iliyotumika haina budi kukaguliwa mchana, mahali penye mwanga. Toa boliti, tazama ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye karatasi nyeupe. Mifereji ionekane myembamba na yenye kung'aa mwanzo hadi mwisho. Kivuli cha duara mahali fulani ndani ni dalili kwamba mtutu umevimba, na huo hauponi. Tazama mdomo wa mtutu, kwa sababu hapo ndipo risasi huagana na bunduki. Mkwaruzo mdogo wa mdomoni huharibu shabaha zaidi kuliko kutu kubwa ya nje. Mwisho pitisha ukucha ukingoni mwa chumba cha risasi, pale pini igongapo. Ukihisi kidonda, jua kuna mtu aliyeifyatua mara nyingi ikiwa tupu.

Na hapa nawageukia askari wenyewe, maana mazoea mawili mema ya kambini huwa mabaya kwa bunduki hii. La kwanza ni hilo la kufyatua bunduki tupu kwa mazoezi. Kwa silaha ya jeshi ni somo la kila siku. Lakini risasi ya .22 ina baruti yake ya kuwashia katika ukingo wa ganda, si katikati, hivyo pini yake hugonga pembeni. Ikikosa ganda la kugonga, katika bunduki nyingi za zamani hugonga chuma cha chumba na kukitia kidonda nilichokitaja. Ukitaka kufanya mazoezi ya kidole, tia ganda lililokwisha kutumika, na uligeuze kila baada ya kufyatua. La pili ni usafi. Ndugu yangu mmoja, polisi wa miaka mingi, alikuwa akiisugua bunduki ndogo ya rafiki yake kwa fimbo ya chuma kila jioni kana kwamba kesho kuna gwaride, na baada ya miaka michache bunduki ile ikawa inatawanya risasi kama mpanda mtama. Risasi hii ni ya risasi tupu, yaani madini laini, iliyopakwa nta au mafuta, na haichakazi mtutu kwa haraka. Mitutu mingi ya namna hii imeuawa na fimbo ya kusafishia. Kamba yenye kitambaa, ikivutwa kutoka nyuma kwenda mbele, mara moja moja, yatosha.

Lipo fumbo moja la bunduki ndogo ambalo hata wazoefu hulistaajabia. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zaweza kupendelea risasi tofauti. Basi kabla ya kununua risasi nyingi, nunua boksi moja moja la aina tatu au nne, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na upige risasi tano tano kwa mita 50. Aina itakayokusanya matundu yake mahali padogo ndiyo chakula cha bunduki hiyo, na mara nyingi siyo ghali kuliko zote. Mimi ningeanza na zile ziendazo polepole kuliko sauti, ambayo mwendo wake ni mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi inayotoka kwa kasi zaidi ya hiyo kisha ikapungua njiani hutikisika ipitapo mpaka wa sauti, na karatasi huyaonyesha mambo hayo. Kwa risasi iifaayo, bunduki ya kawaida ya boliti yaweza kuweka matundu matano ndani ya sarafu. Katika Olimpiki duara la alama 10 kwa mita 50 lina upana wa milimita 10.4 tu. Mwanzo, sajini wako atatawanya risasi zake kwa upana wa kikombe cha chai, na kosa halitakuwa la bunduki.

Ikiwa hesabu hii yatisha, ipo bunduki ya upepo ya milimita 4.5. Hiyo haina baruti, chembe zake zagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya risasi, na shabaha yake ni ya mita 10. Michezo ya Olimpiki iliikubali mwaka 1984 huko Los Angeles. Ile ya springi, ambayo mtutu hukunjwa ili kuikaza, hudumu miaka mingi kwa matunzo madogo. Ila mtu asidhani kwamba kwa kuwa yaendeshwa na upepo haimo katika sheria. Aulize polisi kwanza. Wala si kitu cha kuchezea watoto, kwani hutoboa jicho.

Nyumbani sasa, ambapo ndipo penye ukurasa huu. Mama ameandika kwamba ana watoto wanne, na kwa mstari mmoja, karibu na mwisho wa barua, kwamba tangu arudi mumewe halali vizuri na kuna usiku hukaa nje peke yake hadi alfajiri. Mama, mstari huo ndio ulionifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Risasi hii niliyoiita ndogo husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ikipigwa juu, huruka ikigonga jiwe au maji, na kwa karibu humwua mtu. Kwa nyumba yoyote kanuni ni bunduki ndani ya kabati la kufungwa, boliti mahali pengine, risasi mahali pa tatu, na ufunguo usioning'inia ukutani. Kwa nyumba ambamo mtu mzima mmoja hana usingizi wala raha, mimi nasema zaidi: bunduki isilale humo kwa sasa. Kama klabu ina ghala la silaha, ikae huko, aikute Jumamosi na kuiacha Jumamosi. Huko si kumdhania vibaya. Kambini nako silaha hurudishwa ghalani kila jioni, wala hakuna askari aonaye kwamba ametukanwa. Na kuhusu usingizi, mganga wa kikosi ameona wengi waliotoka Mogadishu hivyo hivyo. Amwendee bila haya, nawe mfuatane naye kama atakubali.

Jambo moja dogo la usafi: risasi huacha vumbi la madini yake mikononi na nguoni, nalo ni sumu kwa watoto wadogo. Atokaye uwanjani anawe kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, na shati lake lifuliwe mbali na nepi.

Nabakiwa na swali lako la tatu. Haki ya kusema hapana unayo, kwa kuwa fedha ya akiba ya nyumba ni ya nyumba. Lakini kabla ya kuitumia haki hiyo, ningekusihi uende naye uwanjani mara moja, upige mwenyewe. Katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, wanaume na wanawake walipokuwa bado wakishindana pamoja katika bunduki ndogo ya mita 50, Margaret Murdock wa Marekani, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alifungana kwa alama na mwenzake Lanny Bassham. Waamuzi walipohesabu upya kwa kanuni zao, dhahabu ikaenda kwa Bassham na fedha kwa Murdock. Wimbo wa taifa ulipopigwa, Bassham alimvuta mwenzake juu, wakasimama wote wawili kwenye jukwaa la mshindi. Mchezo huu hauulizi nguvu za mabega. Huenda ukagundua kwamba unachokichukia ni gharama na hofu, si mchezo, na hayo mawili yanapangika.

Kama ingekuwa ni nyumba yangu, ningeezeka kwanza, na mwaka mzima sajini angetumia bunduki ya klabu kwa kulipia risasi zake tu. Baada ya mwaka angejua kama ni mapenzi au ni tamaa ya mwezi mmoja, na angejua pia kipimo cha kitako chake. Ikiwa hakuna klabu wala uwanja ulioidhinishwa karibu nanyi, basi asinunue kabisa, kwa kuwa shamba la jirani si uwanja.

Kuhusu darubini, ambayo muuzaji anaisifu sana: mwambieni aiondoe na apunguze bei. Mwanzoni macho na kilengeo cha kawaida vyatosha kwa mita 50, na darubini ya zamani yenye ukungu ndani haina thamani yoyote. Zaidi ya hayo, ikiondolewa mtaweza kuisoma vizuri namba iliyochongwa chini yake, ile ambayo polisi wataiuliza.